Unapeleka Trela Kempi Muhuru Bay? Cheki Stima Kwanza Isikuchomee Friji

Maze, wacha nikushow venye tulipoteza friji na samaki wa watu watano usiku mmoja.

Mbogi yetu ilitoka Nairobi mangware na trela ya kukodi nyuma ya ndai. Narok, Kisii, Migori, hadi Muhuru Bay, huko chini Nyatike karibu na boda ya Tanzania. Mpango ulikuwa rahisi: mbuta fresh kutoka kwa wavuvi, moto kidogo, jua likizama Nam Lolwe.

Tulipofika kempi, tukachomeka trela kwa soketi ya nje. Mzee wa hapo akatutuliza: "Omera, stima ya hapa iko sawa kabisa." Usiku mvua ikakam. Stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Iliporudi mara ya tatu, balbu ziling'aa kama za stejini, kitu ikalia tsss, friji ikanyamaza kabisa.

Asubuhi mbuta inanuka, mwenye trela anadai elfu 18 za friji, na mwenye kempi anasema hiyo si stori yake. Tulichanga. Ndio maana naandika hii, ndio wewe usichange.

Kwani stima huchoma vitu aje?

Stima ya nyumba hapa Kenya inafaa kuwa volti 240. Shida ni kwamba soketi haikuambii kama ni 240 kweli. Kuna ngori nne za kujua:

1. Stima hafifu. Ukiwa mbali na transfoma, volti hushuka njiani, na ikifika jioni kila mtu akiwasha vitu, inashuka zaidi. Balbu inakuwa ya manjano. Simu haina neno, ndio maana watu hudharau. Lakini mota ya friji ikikosa nguvu ya kuanza hukwama hapo ikivuta stima nyingi, inapata joto, inaungua polepole.

2. Stima kurudi na fujo. Baada ya blakaut, laini hurudi ikirukaruka. Pia friji ikizimwa na kuwashwa hapo hapo, gesi bado iko na presha, mota inakwama. Ipe dakika tano kabla uiwashe tena.

3. Nyutro kulegea. Hii ndio muuaji. Laini ya mtaa huwa na nyaya tatu za moto na moja ya nyutro. Moto kwa nyutro unapata 240, moto kwa moto ni 415. Nyutro ikikatika ama ikilegea, wengine wanapata stima kidogo na wengine wanapata nyingi, inaweza panda ikaribie hiyo 415. Ukiona balbu zingine zinafifia na zingine zinang'aa vibaya, usiulize mtu. Chomoa.

4. Hakuna arthi. Huu ni waya wa usalama unaoenda hadi kwa udongo. Trela ni chuma. Waya wa moto ukigusa bodi na arthi haipo, trela yote inakaa ikikungoja. Wewe unatoka ziwani peku, umelowa, unashika mlango. Friji inanunuliwa ingine. Wewe hapana.

Sasa ufanye nini?

Kabla ya kuchomeka, pima. Nunua testa ya soketi, ile ya kuchomeka yenye taa tatu. Inakuambia kama moto na nyutro zimebadilishwa, na kama arthi iko. Lakini haikuambii volti ni ngapi, kwa hivyo beba pia mita ndogo ya volti. Kati ya 220 na 250, relax. Chini ya 200 ama juu ya 260, friji isiguse hiyo soketi. Pima tena jioni, juu saa nane mchana kila soketi ni malaika.

Weka gadi ya friji. Hii hukaa kati ya soketi na friji. Volti ikishuka sana ama ikipanda sana, inakata. Stima ikirudi, inangoja dakika kadhaa kabla ya kuruhusu. Usidanganywe na ekstensheni imeandikwa "surge". Hiyo inasaidia kwa mshtuko mfupi tu, stima hafifu inapita tu. Cheki pia gadi imeandikwa inabeba ampea ngapi.

Ekstensheni iwe nene. Chukua ya mita 50. Yenye waya wa milimita mraba 1, ukiwasha birika ya wati 2,000, unapoteza karibu volti 14 kwa waya pekee. Ya 2.5 inapoteza kama 6. Na uikunjue yote. Ikiwa imezungushwa kwa gurudumu hupata joto mpaka plastiki inayeyuka.

Trela iwe na ELCB ya miliampea 30. Hii hukata stima ikianza kupitia kwa mwili wako. Iko na kibatani cha kujaribu, kibonyeze kila safari. Isipokata, ni pambo. Ita fundi mwenye leseni ya EPRA, si boy wa mtaa mwenye plaiza.

Wacha ile tabia ya biro. Unajua ile ya kuingiza biro kwa shimo la juu ndio plagi ya miguu miwili iingie? Hilo shimo ndio la arthi. Hapo umeingia bila kinga na vile mko karibu na maji.

Radi ikianza, chomoa kila kitu. Ngurumo za usiku ziko mob pande za ziwa, na hakuna gadi ya elfu mbili inashindana na radi. Chomoa mapema, si wakati imefika juu ya kichwa.

Na kama mita imekataa? Si lazima uchomeke. Tumia betri na sola ya trela, ama nunua barafu uweke kwa kula boksi. Wavuvi wanapeleka samaki mbali na barafu tu.

Saa hii kabla nilipe kempi yoyote naitisha soketi kwanza, view baadaye. Mzee akisema stima iko sawa, mwambie asante mzee, halafu toa mita.