Je, Wajua? Mpelelezi na Sahibu Yake

Je, wajua kwamba Arthur Conan Doyle, muumba wa Sherlock Holmes, alifika Kenya? Alizuru Afrika kati ya 1928 na 1929, kisha akachapisha kitabu cha safari hiyo. Wakati huo treni za Mombasa na Nairobi zilikuwa zikipita Voi kwa miongo mitatu.

Wajua kwamba hadithi zake za Holmes ni 60, na karibu zote anazisimulia Daktari Watson? Holmes mwenyewe alishika kalamu mara mbili tu, na mara moja akakiri kwamba kazi ya rafikiye si lelemama. Na iwe hivyo! Mtu anayejua kila kitu hachukui muda kutueleza.

Wajua siku Watson alipozirai? Ni pale Holmes, aliyedhaniwa amekufa miaka mitatu, alipomtokea mbele ya macho. Daktari wa jeshi, aliyejeruhiwa vitani Afghanistan, akaanguka kwa kumwona rafiki.

Holmes naye, mkavu kama jiwe, ilibidi Watson apigwe risasi ndipo moyo wake uonekane.

Na kwetu je? Mpelelezi Bwana Msa na rafikiye Najum! Wahakiki huwafananisha na Holmes na Watson, hasa kwa kile kiko cha Bwana Msa. Lakini wawili hawa ni Wazanzibari halisi. Muumba wao, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akawa bwana afya kwa takriban miaka kumi kabla ya kuingia magazetini. Bwana afya huingia nyua za watu, hukagua visima na kuuliza maswali. Sishangai akazua mpelelezi. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957–58 na kutoka kama kitabu mwaka 1960. Na jina Msa? Tazama herufi za kwanza za majina ya mwandishi.

Joram Kiango, mpelelezi wa mwandishi Ben Mtobwa, naye ana Nuru, mwanamke asiyeachwa nyumbani kupika chai.

Sasa twende Tsavo, ambako hadithi ni ya kweli. Desemba 1898, mhandisi wa reli J. H. Patterson alikuwa akimfuata simba wa pili kati ya wawili waliokuwa wakila watu huko, pamoja na Mahina, mchukuzi wake wa bunduki. Simba aliyejeruhiwa akawajia mbio. Patterson akanyoosha mkono nyuma apewe bunduki ya pili, akakuta patupu: Mahina alikwisha panda mti, na bunduki anayo! Patterson naye akapanda, akaipokea huko huko juu, akafyatua. Ni Patterson mwenyewe aliyeyaandika haya. Mimi namwona Mahina mwenye akili kuliko wote waliokuwa pale, simba akiwemo.

Simba wale wawili wako Chicago, katika jumba la makumbusho la Field, tangu miaka ya 1920.

Waandishi chipukizi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, mna machimbo ya vito vya kijani, mashamba ya mkonge, vilima vyenye ukungu na reli mbili. Mleteni mpelelezi wenu. Ila msisahau kumpa rafiki, maana ndiye atakayetusimulia.