Kipindi cha Afya: Dawa ya Kansa Ndani ya Kifurushi cha Mafuta

Wahusika: Mtangazaji, Daktari, Mama msikilizaji (sauti iliyorekodiwa)

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Hamjambo wasikilizaji wetu, mlioko Nyarugusu, Nakivale, Kakuma na kwingineko, na ninyi mnaotusikiliza mkiwa kwenye foleni ya maji. Karibuni katika kipindi cha afya. Leo tunazungumzia saratani, ambayo wengi wetu tunaiita kansa, na dawa zinazoitwa dawa za nano. Mada hii imeletwa na mama mmoja. Jina lake tunalihifadhi. Tumsikilize.

MAMA: Dada mtangazaji, habari za kazi. Baba wa watoto wangu ana mabaka meusi mguuni, na mguu umevimba. Hospitali ya kambi walimkata kinyama kidogo wakakipima, wakasema ni kansa ya Kaposi, tungoje rufaa. Sasa kuna mtu anapita nyumba kwa nyumba na unga kwenye pakiti. Anasema ni nano ya Ulaya, inaitafuta kansa yenyewe mwilini na kuiua. Anataka bei ya mbuzi wawili. Mbuzi nilio nao ni hao hao wawili. Niwauze?

MTANGAZAJI: Pole sana, mama. Hapa studio nipo na daktari anayetibu wagonjwa wa saratani. Daktari, karibu. Tuanze na jibu, maana mama anangoja.

DAKTARI: Asante, dada. Mama, pole kwa kuuguza. Mbuzi wako usiwauze. Dawa za nano zipo kweli, na mojawapo ilianza kutumika kwa ugonjwa huo huo wa mzee. Lakini si unga wa kunywa. Inaingizwa kwenye mshipa kwa dripu, hospitalini, muuguzi akiwa karibu.

MTANGAZAJI: Nano maana yake nini hasa?

DAKTARI: Ni kipimo cha udogo. Chukua rula ya mtoto wa shule, tazama milimita moja. Igawe vipande milioni moja. Kipande kimoja ndicho nanomita. Unywele mmoja una upana wa nanomita kama 80,000 hadi 100,000. Chembe za dawa ninayoizungumzia zina upana wa nanomita 100 hivi, kwa hiyo chembe karibu elfu moja zinaweza kupangwa kwenye upana wa unywele mmoja.

MTANGAZAJI: Na udogo huo unamsaidia nini mgonjwa?

DAKTARI: Tuanze na dawa ya zamani iitwayo doksorubisini. Ukiiona kwenye dripu ni nyekundu kabisa. Inaua chembe za mwili zinazozaliana haraka, na chembe za kansa ndivyo zilivyo. Lakini inagusa pia mizizi ya nywele na ngozi ya ndani ya mdomo, na ikizidi inaharibu moyo. Ni kama kumwaga dawa ya magugu shamba zima: magugu yanakufa, na maharage nayo yanaungua.

MTANGAZAJI: Kumbe tatizo ni dawa kwenda kila mahali.

DAKTARI: Ndiyo. Sasa, katika miaka ya 1960 mtafiti wa Uingereza, Alec Bangham, aligundua kwamba mafuta ya aina inayofunika chembe za miili yetu, ukiyatia majini, hujikunja yenyewe yakawa vifuko vidogo sana vyenye maji ndani. Vifuko hivyo vinaitwa liposomu. Baadaye Alberto Gabizon na Yechezkel Barenholz, huko Jerusalem, waliijaza doksorubisini ndani ya vifuko hivyo na kuvifunika kwa nje, ili askari wa mwili wasivikamate mapema. Mwaka 1995 Marekani iliiruhusu dawa hiyo, kwa jina la Doxil, kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye kansa ya Kaposi. Dawa ni ile ile ya zamani. Kilichobadilika ni kifurushi kinachoibeba.

MTANGAZAJI: Lakini kifurushi hicho kinajuaje kansa iko wapi? Muuzaji anasema inajitafutia yenyewe.

DAKTARI: Hakijui. Kinazunguka na damu tu. Ila mishipa ya damu ya uvimbe ina kasoro. Ilikua haraka haraka, kama bomba la maji lililofungwa kwa pupa likabaki linavuja kwenye maungio. Mwaka 1986 watafiti wa Japani, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, walieleza jambo hili. Chembe ndogo kama hizi hazipiti kirahisi kwenye mishipa mizima, lakini kwenye uvimbe zinavuja, zinabaki pale, na dawa inatoka taratibu.

MTANGAZAJI: Basi dawa yote inaishia kwenye kansa?

DAKTARI: Hapana, dada, na hapo ndipo wauzaji wanapotudanganya. Mwaka 2016 watafiti wa Kanada walikusanya matokeo ya miaka kumi ya majaribio kwa wanyama. Kwa kawaida, chini ya asilimia 1 ya dawa iliyoingizwa ndiyo iliyofika kwenye uvimbe. Sehemu kubwa hukamatwa na ini na bandama. Hata hivyo faida ipo, kwa sababu moyo unaumizwa kidogo kuliko kwa dawa isiyo na kifurushi. Lakini wapo wanaopata vidonda na maumivu kwenye viganja na nyayo, na wengine kifua kinawabana dripu inapoanza. Ndiyo sababu haitolewi nyumbani.

MTANGAZAJI: Wapo watakaoogopa wakisikia chembe ndogo zinaingizwa mwilini.

DAKTARI: Baadhi yao wameshakutana nazo. Chanjo za korona za Pfizer na Moderna zilibebwa na chembe ndogo za mafuta, jamii moja na hizi.

MTANGAZAJI: Turudi kwa mama. Mumewe afanye nini?

DAKTARI: Kwanza, kama hajapima VVU, apime. Kansa ya Kaposi inaletwa na kirusi, na mara nyingi hujitokeza kinga ya mwili ikishuka. Asiye na VVU pia anaweza kuipata, kwa hiyo jirani asimhukumu mtu kwa mabaka yake. Akikutwa na VVU, dawa za ARV za kila siku ndizo msingi wa matibabu. Wapo wenye mabaka machache ambao hupungukiwa kwa ARV peke yake.

MTANGAZAJI: Na kama anahitaji dawa ya kansa, lakini hospitali aliyopelekwa haina hiyo ya nano?

DAKTARI: Asikate tamaa. Dawa ya nano ni ghali na haipo kila mahali. Kuna nyingine iitwayo paklitakseli. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Malawi na nchi nyingine, ukatangazwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa Kaposi wanaotumia ARV, paklitakseli ilifanya vizuri kuliko matibabu mengine mawili iliyolinganishwa nayo. Akipewa hiyo asidhani amepewa makombo.

MTANGAZAJI: Lakini rufaa inachelewa, daktari. Sote tunajua.

DAKTARI: Inachelewa, na inaumiza. Mama, ile karatasi ya kipimo cha kinyama itunze kama kadi ya mgao. Kila wiki nenda ukaulize jina la mzee limefika wapi. Na akianza kuishiwa pumzi, kukohoa damu, kupata choo cheusi au kuvimba uso, msingoje rufaa. Rudini hospitali siku hiyo hiyo na mseme wazi kwamba ana Kaposi.

MTANGAZAJI: Na huyo muuzaji akirudi kesho?

DAKTARI: Muulize maswali matatu. Dawa hii inaitwaje, na jina limeandikwa wapi? Nani atampima damu na moyo kabla ya kuanza? Akizidiwa usiku, tukuite wapi? Dawa ya kweli ya kansa ina majibu ya maswali hayo yote. Na huo unga asiunywe, unaweza kugombana na ARV au kuharibu ini.

MTANGAZAJI: Asante, daktari. Mama, mbuzi wabaki zizini. Ukihitaji kuuza mmoja, iwe kwa chakula cha mgonjwa au nauli ya kumfuata hospitali rufaa ikitoka. Wasikilizaji, mkiona baka lisilouma, jeusi au la zambarau, lisiloondoka, kwenye ngozi au ndani ya mdomo, nendeni mkapimwe mapema.

(Muziki wa kufunga.)

Maswali ya kujadili katika vikundi vya wasikilizaji

1. Kwa nini dawa hufungwa ndani ya vifuko vya mafuta?
2. Muuzaji alisema lipi la kweli na lipi la uongo?
3. Katika zoni yenu, anayengoja rufaa anasaidiwa na nani? Mnaweza kuongeza nini?