Kiwanja si cha Kufagia Tu

Mtu apitaye Cheyo, mjini Tabora, asubuhi ya mwezi wa Julai, ataona jambo moja ambalo wenyeji wamekwisha lizoea hata hawalioni tena. Nyumba kwa nyumba ua wafagiwa mpaka mchanga wabaki na alama za ufagio. Majani makavu ya miembe yakusanywa pembeni, na kiberiti chapigwa. Moshi wapanda. Zikipita saa mbili tatu, mwenye ua ule ule ampa mtoto fedha aende gengeni kununua mafungu mawili ya mchicha. Twasema bila kuficha kwamba moshi ule na fedha ile ni kitu kimoja. Kilichochomwa asubuhi ndicho kilichonunuliwa mchana, ila kimepitia mkono wa mtu mwingine.

Hatusemi hivi ili kuwadhihaki wafagiaji. Usafi ni heshima ya nyumba, na sisi sote tumelelewa hivyo. Lakini nchi ya Unyamwezi ina udongo wa kichanga usiokaa na rutuba, na mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Novemba hata Aprili. Miezi iliyobaki ni jua. Katika udongo wa namna hiyo, kila jani lichomwalo ni hasara. Wazee walilijua hilo. Mkulima wa Kinyamwezi alipotengeneza matuta alifukia nyasi ndani yake, zikaoza, zikalisha mtama na karanga za mwaka ule. Mjukuu wake alipojenga kwa matofali na bati mjini, jembe aliliacha kijijini, akachukua ufagio peke yake.

Wala Tabora si mji wa kuambiwa bustani ni jambo geni. Burton na Speke walipofika Kaze mwezi wa Novemba 1857 walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha zungusha nyumba zao kwa bustani za vitunguu na matunda. Stanley naye, aliyekaa Kwihara mwaka 1871, alikula vya bustani hizo. Hapana ajabu: msafara wa mamia ya watu utokao Bagamoyo kwenda Ujiji hauli pembe za ndovu wala shanga. Ulipumzika Unyanyembe kwa sababu Unyanyembe palikuwa na chakula, na chakula hicho kililimwa na mikono ya wenyeji, wengi wao wanawake, ambao vitabu vya wasafiri haviwataji kwa majina. Historia yetu yawakumbuka wapagazi, na ndivyo ipasavyo; lakini aliyemlisha mpagazi naye alibeba mzigo.

Chama nacho kina yake ya kusema hapa. Mji huu, ambamo TANU ilikata shauri la kura tatu mwezi wa Januari 1958, ulisikia pamoja na nchi nzima Azimio la Iringa la mwaka 1972, Siasa ni Kilimo. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulipotufikisha mahali pa kununua nafaka nchi za nje kwa fedha nyingi za kigeni, ikaja Kilimo cha Kufa na Kupona, na watumishi wa mijini wakatakiwa kushika jembe. Twaikumbuka kwa heshima kampeni ile. Lakini yafaa tukiri pia kwamba mashamba mengi ya ofisi hayakudumu. Yalikuwa mbali na nyumbani, hayakuwa ya mtu fulani, na yalilimwa kwa agizo; agizo lilipotulia, majani yakaota. Bustani iliyo hatua ishirini kutoka jikoni haihitaji mkaguzi. Mwenye njaa ndiye mkaguzi wake.

Tumfikirie mfanyakazi wa mshahara wa chini, mwenye watoto wanne, ifikapo tarehe 20 ya mwezi. Unga upo, maana alinunua mwanzoni. Kinachopungua kwanza ni mboga: jana mafungu mawili, leo moja, kesho ugali kwa chumvi na pilipili. Hakuna atakayelala na njaa katika nyumba ile, na kwa hiyo hakuna atakayelalamika. Lakini mwili wa mtoto waona. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Sababu za kudumaa ni nyingi, na hatutadai kwamba mchicha peke yake utaziondoa. Ila sahani isiyo na mboga, siku kumi kila mwezi, ni mojawapo ya mambo ambayo mzazi aweza kuyageuza mwenyewe. Tabora ni nchi ya tumbaku, na tumbaku imeleta fedha. Lakini tumbaku haiungwi kwa karanga.

Basi afanyeje mwenye kiwanja kidogo? Aanze na shimo. Majani ya mwembe ni magumu, huchelewa kuoza; yapondwe, yachanganywe na maganda ya jikoni, majani mabichi, samadi ya mbuzi au kuku, na majivu kidogo ya mekoni. Yanyunyiziwe maji yawe na unyevu bila kuwa tope, yafunikwe, na kila baada ya wiki mbili au tatu yageuzwe kwa jembe. Kwa miezi mitatu, pengine minne, itapatikana mboji nyeusi isiyonuka. Mtu akilalamika kwamba shimo lake lanuka, ajue amezidisha maji au hakuligeuza.

Asiye na nafasi ya matuta atumie magunia. Wenzetu wa Kibera, mjini Nairobi, watu wasio na hata ukumbi wa kuanika nguo, walifundishwa kilimo hicho na kukieneza baada ya machafuko ya mwaka 2008, na jambo lenyewe ni rahisi. Gunia lisimamishwe, katikati lisimamishwe kopo refu lisilo na kitako, lijazwe kokoto, pembeni mwa kopo ujazwe udongo uliochanganywa na mboji. Kopo livutwe juu, lijazwe tena, hata gunia lijae na nguzo ya kokoto ibaki ndani. Maji yamwagwayo juu hushuka kwenye kokoto na kufika mpaka chini. Ubavuni patobolewe matundu, na kila tundu lipate mche wa sukuma wiki au figiri. Eneo la gunia si kubwa kuliko la kiti, na mpangaji akihama aweza kuhama nalo, akipata mtu wa kumsaidia kubeba.

Maji ndiyo mtihani. Mvua zikikoma mwezi wa Aprili, bustani nyingi za mjini hufa ifikapo Juni, na mwenyewe husema alijaribu. Hapa palipotea maarifa, si maji. Maji yaliyooshea mchele, kunde na mboga hayapaswi kumwagwa uani. Maji ya sabuni yasitiwe kwenye mboga za majani, lakini mgomba hauyakatai. Udongo ufunikwe kwa nyasi kavu ili jua lisiunyonye, na kunyweshwa kuwe jioni au alfajiri. Tena mtu achague mimea kwa akili. Mchicha huchumwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa, lakini wataka maji kila siku. Kisamvu na mlonge vyavumilia kiangazi. Kisamvu, lakini, kitwangwe na kuchemshwa barabara, maana kikiwa kibichi kina sumu. Twakumbusha kwa ajili ya vijana waliozaliwa mjini.

Na pale ambapo hata hivyo haviwezi, wazee walikwisha tuachia jibu. Majani ya kunde yaliyochumwa masika na kuanikwa ndiyo nsansa. Viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa ni michembe, vilivyochemshwa kwanza ni matobolwa. Mwaka 1975 taifa lilifanya kampeni ya Chakula ni Uhai, lakini bibi zetu wa Unyamwezi walikuwa na ghala juu ya paa kabla ya kampeni yoyote. Siku hizi twawaona vijana wakiona haya kula nsansa mbele ya mgeni. Haya hiyo hatuielewi.

Yako mambo mawili yasiyo ya mwenye nyumba peke yake. La kwanza ni sheria. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilitambua kilimo hicho na kuweka mpaka wa ekari 3 kwa mtu mmoja. Hata hivyo bado wako watu mijini wanaodhani kuwa jembe ni adui wa mji, na wengine huleta hoja ya mbu. Mbu wa malaria huzaliana katika maji yaliyotuama, na maji hutuama katika shimo lililoachwa, mtaro ulioziba na tairi bovu. Tuta lililotengenezwa vizuri halituamishi maji. Manispaa na izibue mitaro, ndipo iulize habari za mchicha.

La pili ni mbuzi. Twajua wasomaji watacheka, lakini muulize mama yeyote aliyelima kwa miezi miwili na mnyama wa jirani akala kwa dakika kumi. Ugomvi wa namna hiyo umefunga bustani nyingi kuliko ukame. Balozi wa nyumba kumi hahitaji fedha ya serikali wala semina ili akae na majirani wawili wakubaliane nani afunge mbuzi na nani ajenge ua. Ni kazi ndogo, haina picha wala hotuba, na labda ndiyo sababu haifanywi. Tumewaona viongozi wakipanda mti mmoja mbele ya kamera na kuondoka na glovu zikiwa safi. Mwanachama ajaye kuomba kura katika shina lake na aonyeshe kwanza tuta lake.

Mvua za kwanza hutazamiwa Novemba. Atakaye mboji iliyoiva wakati huo hapana budi shimo lake lichimbwe Julai, au isizidi mwanzo wa Agosti. Majani ya miembe ya Cheyo yaanguka sasa hivi.