Msaada wa Mungu Vitani: Habari za Mfalme Hezekia

Wasomaji wengi wazijua habari za Daudi na Goliathi, na za Gideoni na watu wake 300. Lakini katika Biblia viko vita vingine vinavyostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu adui naye aliacha maandishi yake, nasi twaweza kusikia maneno ya pande zote mbili. Navyo ni vita vya mwaka wa 701 K.K., Senakeribu mfalme wa Ashuru alipomjia Hezekia mfalme wa Yuda.

Waashuri waliogopwa kuliko taifa lo lote la siku zile. Yapata miaka 20 kabla ya hapo walikuwa wameuteka mji wa Samaria na kuwahamisha watu wa Israeli mpaka nchi za mbali. Hezekia alipokataa kuwatumikia, Senakeribu alikuja na jeshi lake, na katika maandishi yake ajisifu kwamba aliitwaa miji 46 ya Yuda yenye maboma. Maandishi hayo yamo juu ya kipande cha udongo uliochomwa chenye pande sita, kilichoonekana Ninawi mwaka wa 1830, nacho kimewekwa London katika British Museum. Humo zimo pia picha zilizochongwa katika mawe, zilizotoka katika jumba la mfalme huyo. Zaonyesha Waashuri wakipanda tuta kubwa kuuingia mji wa Lakishi, na watu wa mji wakitolewa na wake zao na watoto wao, mizigo yao juu ya magari ya ng'ombe, na wengine wametungikwa juu ya miti. Yafaa tukumbuke kwamba watu wa Lakishi nao walikuwa watu wa Yuda. Mungu wao alikuwa yule yule wa Hezekia, na bila shaka nao waliomba.

Hezekia hakungoja mikono mitupu. Alijenga ukuta palipobomoka, akafanya silaha na ngao, akaziba chemchemi za nje ili adui asipate maji, akayaleta maji ndani ya mji kwa mfereji uliopita chini ya mwamba. Mfereji huo wapo hata leo, kutoka chemchemi ya Gihoni mpaka birika la Siloamu, nao urefu wake ni futi 1,750 hivi. Mwaka wa 1880 yalionekana maandishi ukutani mwake, yakieleza jinsi makundi mawili yalivyochimba kutoka huku na huku, mpaka wakasikia sauti za wenzao ndani ya jiwe na kukutana. Mkulima aliyepata kuchimba mfereji penye mawe, mchana, tena kwa kamba ya kupimia, na aifikiri kazi hiyo ya gizani iliyopindapinda chini ya mji. Hata hivyo nabii Isaya aliwalaumu watu kwamba walihesabu silaha na maji, wasimwangalie Mungu.

Kisha Hezekia akalipa. Biblia haifichi jambo hili: alitoa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, hata akaibandua dhahabu ya milango ya hekalu. Hesabu ya Waashuri yapatana kwa dhahabu, lakini kwa fedha wao waandika 800. Sisi makarani hatustaajabu sana tukiona vitabu viwili vya hesabu visivyopatana.

Malipo hayo hayakumtosha Senakeribu. Amiri wake alisimama karibu na ukuta akamdhihaki mfalme, akasema yu tayari kumpa farasi 2,000, kama Hezekia aweza kupata watu wa kuwapanda. Wakuu wa Yuda walimsihi aseme kwa Kiaramu, ili watu waliokuwa ukutani wasielewe. Akapaza sauti zaidi kwa Kiyahudi, akatamka na matusi ambayo sitayaandika hapa. Hoja yake kubwa ilikuwa hii: miungu ya mataifa mengine haikuwaokoa watu wake, basi kwa nini Mungu wa Yerusalemu aweze? Baadaye ilipoletwa barua yenye maneno kama hayo, Hezekia aliichukua hekaluni, akaikunjua mbele za Bwana, akaomba. Isaya akamletea jibu kwamba Senakeribu hatauingia mji, wala hatapiga mshale humo, bali atairudia njia ile ile aliyoijia.

Usiku huo, yasema Biblia, malaika wa Bwana aliwapiga Waashuri 185,000 kambini. Herodotus wa Uyunani ana hadithi nyingine, kwamba huko mpakani mwa Misri panya walitafuna nyuzi za pinde za jeshi la Senakeribu. Kwa ajili ya hiyo wengine hufikiri kwamba tauni iliingia kambini. Senakeribu mwenyewe hasemi neno juu ya maafa. Asema alimzingira Hezekia kama ndege tunduni, kisha ahesabu mali alizopokea, wala hasemi po pote kwamba aliingia Yerusalemu. Kwa mfalme aliyependa kujisifu vile, kunyamaza huko ni ushuhuda mkubwa. Aliuawa mwaka wa 681 K.K. na wanawe mwenyewe.

Watu wa Yerusalemu hawakuusahau usiku ule, nako kukumbuka kwao kukawa mtego. Walianza kudhani kwamba mji wenye hekalu hauwezi kutekwa, hata wakitenda lo lote, nao walimchukia Yeremia kwa kuwakanya. Yapata miaka 110 baadaye, Wakaldayo walipouzunguka mji, Mfalme Sedekia alituma watu kwa Yeremia kumwuliza kama huenda Bwana akatenda tena miujiza yake, Nebukadreza aondoke. Yeremia akawajibu kwamba safari hii Mungu mwenyewe atapigana nao. Ukuta ulipobomolewa, Sedekia alikimbia usiku, akakamatwa karibu na Yeriko. Wanawe wakauawa mbele yake, kisha akapofushwa macho, akafungwa kwa minyororo na kupelekwa Babeli.