Ndege zilizochomwa chini: wazee wa vita ya Katanga wanakumbuka nini?

Huku Beni, mtu akisikia mlio wa ndege juu, swali la kwanza ni moja: ni ya nani? Tuko na sababu ya kuuliza. Tarehe 24 Januari 2023, Sukhoi ya FARDC ilipigwa angani ikielekea Goma, ikatua moto ukiwaka ubavuni. Siku chache nyuma yake, tarehe 5 Februari, helikopta ya ONU yenye ilitoka Beni ilipigwa risasi njiani. Soda mmoja wa Afrika Kusini akafa, mwenzake akaumia, lakini ndege ikafika Goma. Mwaka uliofuata, usiku wa 17 Februari 2024, drone zikapiga kiwanja cha Goma chenyewe. Jeshi letu lilishitaki Rwanda.

Mchimbaji wa Lubero ao wa Mambasa anaweza kusema: mambo ya ndege za vita ni ya wakubwa, mimi niko na shimo yangu. Basi asikilize yale yalitokea Kolwezi, mji wa madini kuliko yote, wakati babu zetu walikuwa vijana.

Mwaka 1960 Tshombe alitenga Katanga. Union Minière, kompani yenye ilikuwa inachimba shaba na kobalti, ikamlipa yeye kodi badala ya kulipa Léopoldville. Kwa makuta hiyo alilipa askari wa kukodiwa na akapata ndege. Kati ya zile ndege, moja njo ilifanya jina: Fouga Magister, jeti ndogo ya kutengenezwa Ufaransa. Zilifika tatu mwanzoni mwa 1961. Moja ilianguka, ingine ONU iliikamata mwezi wa 8. Ikabaki moja tu, na rubani wake Mbeljiji, José Magain, alikuwa anairusha kutoka Kolwezi.

Moja tu! Lakini mwezi wa 9 mwaka 1961, vita ilipoanza, ONU haikuwa na jeti hata moja Kongo. Masoda wake walikuwa wanapata chakula, risasi na dawa kwa ndege za mizigo, na Fouga ilizichoma zikiwa zimesimama chini. Ethiopia ilikubali kutuma jeti zake, lakini zilipaswa kupitia Uganda, na Uingereza, yenye ilikuwa bado inatawala kule, ilichelewesha ruhusa. Hata ndege ya Dag Hammarskjöld, mkubwa wa ONU, ilizunguka njia ya mbali usiku kwa kuogopa ile Fouga. Ilianguka karibu na Ndola, usiku wa 17 kuingia 18 Septemba, na yeye akafa.

Wenye walisimulia zaidi ile Fouga ni wazee wa Ireland. Walikuwa kama 155, chini ya Komanda Pat Quinlan, wakilinda Jadotville, yaani Likasi ya leo, mji mwingine wa Union Minière. Walizungukwa tangu 13 Septemba. Kila Fouga iliporudi, walijitupa ndani ya mashimo wenyewe walichimba (wachimbaji watawaelewa), na mabomu yakaharibu motokari zao. Kitu chenye wengi wao hawakusahau ni maji. Helikopta moja ya ONU, yenye kuongozwa na Mnorwe na Mswedi, ilipita katikati ya risasi kuwaletea maji. Kumbe madumu yalikuwa ya mafuta zamani. Maji yakanuka mafuta, hayakunyweka. Na helikopta yenyewe ilikuwa imeharibika, haikuweza kuruka tena.

Tarehe 17 risasi na maji vikaisha, wakakamatwa. Hakuna hata mmoja wao aliuawa. Kwao wakaitwa waoga kwa miaka mingi. Walinyamaza, kisha wakaanza kusema, watoto wao wakasema pia, na mwaka 2017 serikali ya Ireland ikawapa medali. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, Quinlan mwenyewe pia.

ONU ilijifunza. Kabla ya mwisho wa mwaka 1961 ilikuwa na jeti za Sweden, Ethiopia na India. Vita ilipowaka tena mwezi wa 12, ndege za India, Canberra, zilienda moja kwa moja kupiga kiwanja cha Kolwezi na kuchoma ndege za Tshombe. Tshombe akatafuta zingine. Mwishoni mwa 1962 Waswedi walipata jeti mbili za kupiga picha, wakajua wapi zimefichwa. Tarehe 28 Desemba vita ya mwisho ilianza. Kesho yake jeti za Sweden zilishuka tena juu ya Kolwezi na mizinga yao, zikachoma ndege na mafuta. Marubani wenye walibaki walikimbilia Angola.

Sasa fikiri familia ya mfanyakazi wa Union Minière pale Kolwezi. Kiwanja kiko kwake, mgodi uko kwake, na bwawa la Delcommune, lenye tunaita leo Nzilo, halina umbali. Umeme wa migodi ulitoka pale. Ndege zilipokwisha, silaha ya mwisho ya watu wa Tshombe ilikuwa kutisha kulipua mabwawa na migodi. Baruti ilikuwa tayari. Ingelipuliwa, hakuna pampu, hakuna kiwanda, hakuna mshahara. Katikati ya Januari 1963 Tshombe alikubali kuacha, na tarehe 21 masoda wa ONU wakaingia Kolwezi bila vita. Bwawa lilibaki. Mji haukupumzika kwa siku zote: mwezi wa 5 mwaka 1978 wale jandarme wa zamani wa Katanga, wenye walikuwa Angola, walirudi pamoja na vijana wao, wakashika mji na kiwanja chake, mpaka wanaparashuti Wafaransa wakaruka juu ya Kolwezi.

Kwa mawazo yetu, hapa njo kuna shimo ndani ya hadithi. Waireland na Waswedi waliandika vitabu, wakapigwa picha. Lakini mzee mwenye alikuwa anafagia kile kiwanja, mama mwenye alivuta watoto chini ya kitanda wakati Canberra zilipita, kijana mwenye aliamka asubuhi kuenda kazi na moshi bado unapanda: sauti zao hazisikiki sana. Mtu mwenye alikuwa na miaka 20 mwaka 1961 amepita 80 leo. Hapa Butembo na Beni kuna familia zenye ziko na babu ao mjomba mwenye alifanya kazi Katanga. Ulizeni, simu inaweza kurekodi. Na ya Goma na Beni tuandike sasa, wenye waliona wakiwa bado na nguvu.

Jeti za Sweden zenyewe, nyingi hazikurudi kwao. Vita ilipokwisha, mwaka 1963, waliona kuzirudisha ni bei kubwa. Walizilipua wenyewe, palepale kwenye kambi yao.