Kwa Nini Buu Mmoja Awe Malkia na Mwingine Kibarua?

Ndugu mfugaji wa nyuki, ndani ya mzinga wako mna malkia mmoja na maelfu ya vibarua. Malkia hutaga mayai na anaweza kuishi miaka kadhaa. Kibarua huishi wiki chache tu. Lakini wote wawili wametoka kwa mayai ya aina moja! Sasa tofauti hii inatoka wapi?

Inatoka kwa chakula. Siku za kwanza mabuu wote hulishwa maziwa ya nyuki. Halafu buu wa kibarua huchanganyiwa asali na chavua, lakini wa malkia huendelea na maziwa yale yale.

Chakula kinabadilishaje mwili? Kila seli ina uzi mwembamba sana uitwao DNA, ambao umebeba jeni, yaani maagizo ya kujenga mwili. Si maagizo yote yanayosomwa. Kwanza, uzi huu umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi wa kushonea kwenye kijiti. Ukikazwa sana, maagizo hayasomeki, ukilegezwa, yanasomeka. Pili, seli hubandika alama ndogo za metili juu ya uzi. Alama hizo hubadilisha usomaji, na pengine hunyamazisha jeni kabisa. Maagizo hayafutwi, ni kama kitabu chenye kurasa zilizogandishwa.

Mwaka 2008 wataalamu huko Australia walizuia kazi ya kubandika metili katika mabuu wachanga. Wengi wa mabuu hao walitokea kuwa malkia, ingawa walilishwa sawa na wenzao waliotokea vibarua.

Jambo hili linatuhusu sana. Malkia akifa, vibarua hulea mwingine kutoka kwa buu asiyezidi siku tatu hivi. Akishapita umri huo, mwili wake umekwisha kushika njia ya ukibarua. Basi mkikata masega yote na malkia apondwe, mzinga huo umekwisha.

Kwa hivyo, wakati wa kuvuna:
1. Kateni masega ya asali peke yake.
2. Acheni masega yenye mayai na mabuu wachanga.
3. Mzinga ukikosa malkia na mayai, upeni sega lenye mayai kutoka mzinga mwingine wenye nguvu.

Zungumzeni kikundini: mavuno yaliyopita, je, masega ya mabuu mliyaacha au mliyatupa?