Bwawa dogo la Rudewa, samaki gani wakae pamoja?

Mtu akiamua kuchimba bwawa la samaki Rudewa, wilayani Kilosa, mazungumzo huanzia kwenye udongo kama unashika maji, huhamia kwenye bei ya vifaranga, kisha huishia kwenye soko la Kilosa na Dumila. Samaki gani akae na nani, hilo huachiwa muuzaji. Wanaofuga samaki wa mapambo kwenye matangi ya kioo hawakubali uzembe huo. Kabla ya kununua huuliza samaki huyu anakua hadi wapi, anakula nini, anazaa mara ngapi na anawatendea nini wenzake. Mwenye bwawa la mita kumi kwa ishirini anapaswa kuuliza hayo yote, na ana swali la ziada ambalo mwenye tangi hana: mvua zikizidi na maji yakafurika, samaki hawa watakwenda kukaa na nani? Ukilitia swali hilo kwenye hesabu, jibu hubadilika. Kwa bwawa dogo la bonde la Wami kama hili la Rudewa, jozi inayofaa ni perege wa asili wa Wami pamoja na kambale wachache. Sato wa Ziwa Victoria asiletwe.

Tuanze na sababu ya kuhitaji jozi. Perege peke yao hushindwa bwawani kwa sababu ya uzazi wao wenyewe. Bwawani, perege anaweza kuanza kuzaa akiwa na umri wa miezi miwili au mitatu, akiwa bado mdogo kuliko kiganja. Dume huchimba kishimo chini ya bwawa, jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai na kuyaatamia mdomoni. Vifaranga wakianguliwa huogelea karibu na kichwa cha mama, na hatari ikitokea hurudi kinywani mwake mbio. Ulezi huo huwafanya wengi wapone, na baada ya wiki chache jike huwa tayari kuzaa tena. Ukipandikiza perege 400, madume na majike, kwenye bwawa la mita za mraba 200, kabla ya miezi sita kwisha unakuwa na maelfu. Pumba ni ileile, mbolea ni ileile, hewa ya majini ni ileile, ila walaji wameongezeka mara nyingi. Siku ya kuvua, wavu huja mzito, lakini umejaa samaki wa ukubwa wa kidole. Hapo mfugaji huilaumu mbegu, wakati kosa ni msongamano.

Kambale huingia hapo kama mpunguzaji. Hana magamba, ana sharubu za kupapasia kwenye tope, na mdomo wake mpana humeza kifaranga kizima. Ila mdomo huohuo hauchagui kati ya kifaranga kisichotakiwa na perege uliyemnunua. Ukubwa ndio unaoamua. Perege watangulie wiki kadhaa, kisha kambale waingie wakiwa wadogo kuliko perege hao, ili wawe na uwezo wa kula watoto lakini wasiweze kuwala wakubwa. Kambale mmoja kwa kila perege kumi ni uwiano mzuri wa kuanzia. Wakizidi, au wakiachwa na njaa, hugeukiana na kulana wao kwa wao. Kuhusu hewa, kambale na perege hawagombani sana: kambale ana kiungo maalumu cha kupumua hewa ya juu ya maji, kwa hiyo hutegemea kidogo ile iliyoyeyuka majini. Alfajiri, maji ya bwawa yanapokuwa na hewa haba, perege ndio huonekana wakihema midomo ikiwa juu. Anayewaona hivyo asitishe chakula na mbolea na kuingiza maji mapya, kwani kambale chini watakuwa wametulia na hawatampa onyo lolote.

Sasa, perege yupi? Jina hilo moja hubeba aina nyingi. Sato, ambaye mizani ya soko inampenda, kitaalamu ni Oreochromis niloticus. Hata Ziwa Victoria, tunakodhani ni kwao, alipelekwa na binadamu katika miaka ya 1950. Wenyeji wa ziwa walikuwa ngege na mbiru. Leo hao wamekuwa adimu ziwani, na ngege amebaki zaidi katika maziwa madogo ya pembeni. Sangara na uvuvi vilichangia pakubwa, lakini sato naye alichukua mazalio na malisho yao, tena akazaana nao. Wami nayo ina mwenyeji wake, Oreochromis urolepis, ambaye dume lake hugeuka jeusi wakati wa kuzaa, tofauti na sato mwenye mistari ya wima iliyopangika mkiani. Mwenyeji huyo si samaki duni. Mwaka 1960, mtafiti C. F. Hickling alichapisha matokeo ya majaribio yake ya Malacca, katika Malaysia ya leo: dume la perege waliotolewa Zanzibar, likipandishwa kwa jike la perege wa Msumbiji, lilizaa madume matupu. Mwaka 1966, Ethelwynn Trewavas aliwapa samaki hao wa Zanzibar jina la hornorum, na asili yao ni mto Wami: ni urolepis haohao. Sifa inayotafutwa na wafugaji wa perege duniani, yaani kupata madume yasiyojaza bwawa watoto, imo katika damu ya samaki wa mto huu.

Damu hiyo inaweza kupotea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na 2019 na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Bristol na Bangor, Uingereza, ulionyesha kwamba perege wa kuletwa wameenea katika mabonde mengi ya Tanzania na wanazaana na baadhi ya wenyeji. Na Kilosa ni mahali ambapo ukingo wa bwawa hauwezi kuaminiwa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa uliwatoa maelfu ya watu majumbani mwao na kuibomoa reli ya kati. Januari 2014, mafuriko yaliikata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma eneo la Dumila. Maji yanayong'oa reli hayazuiliwi na tuta la udongo la mfugaji. Kambale akitoroka, anarudi katika maji ambamo jamii yake imo tangu asili. Sato akitoroka, anaanza kuzaana na perege wa mto. Maji yakimwagika hayazoleki, na damu iliyochanganyika haichambuliwi.

Kinachohatarishwa si perege peke yake. Mwaka 1977 kilitangazwa kisayansi kisamaki cha madimbwi ya msimu karibu na Kimamba, jirani kabisa na Rudewa, kikaitwa Nothobranchius steinforti. Dimbwi likikauka, wazazi hufa. Mayai hukaa kwenye udongo mkavu hadi mvua inayofuata. Wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya wanakitunza kwa uangalifu mkubwa, na aghalabu hukipa tangi lake peke yake. Maisha yake yanategemea dimbwi lisilo na samaki wakubwa wa kudumu. Kila bwawa linalofurikia madimbwi hayo huwaleta walaji, kwa hiyo bwawa lichimbwe mbali nayo, hata likiwa na samaki wa asili watupu.

Wapo watakaosema sato hukua haraka zaidi. Ni kweli, majaribio mengi yanampa ushindi huo, hasa anapolishwa chakula chenye protini ya kutosha. Lakini bwawa la pumba na mboji, lenye madume na majike pamoja, haliwezi kuutumia uwezo huo; linadumazwa na msongamano kabla ya mbegu kuonyesha ubora wake. Wengine watasema basi tununue sato madume watupu, waliogeuzwa jinsia kwa homoni wakiwa wachanga. Hao hutuliza bwawa, ingawa ugeuzaji huacha majike wachache. Mtoni hawatulizi chochote, kwa kuwa dume aliyetoroka anahitaji jike mmoja tu wa Wami. Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: sato wameshatoroka, bwawa moja la Rudewa litaharibu nini zaidi? Jibu ni kwamba uchanganyikaji huenda kwa viwango. Kuna vijito na madimbwi ambayo bado yana wenyeji safi, na idadi ya wageni wanaoingia kila masika ndiyo inayoamua kama yataendelea kuwa hivyo.

Linabaki tatizo la upatikanaji, na hapa lawama haimwangukii mfugaji. Vifaranga vinavyouzwa kwa wingi ni vya sato, na anayejivulia mtoni anaweza kuleta mchanganyiko asioutambua. Morogoro ina Kituo cha Ukuzaji Viumbe Maji cha Kingolwira na ina Chuo Kikuu cha Sokoine. Mkoa wenye taasisi hizo mbili haukosi ujuzi wa kutunza ukoo safi wa perege wa Wami na kuwauzia wafugaji wa bonde lake. Taasisi huzalisha kinachoulizwa. Mfugaji wa Rudewa akimwendea afisa uvuvi wa wilaya, aanze kwa kuuliza vifaranga hivi asili yake ni mto gani. Asipopata jibu, aanze na kambale peke yao, awalishe vizuri na kuwatenga kwa ukubwa, huku akiendelea kudai mbegu ya perege wa hapa.